Hofu ya saratani katika mguu wa binti yangu

Nimeombwa mara nyingi na wazazi wenzangu nieleze tuliyoyapitia na binti yangu mwenye Klippel-Trenaunay, ugonjwa wa mishipa uliomkuza mguu mmoja kuliko mwingine, hasa hili la saratani, maana ndilo linalowanyima watu usingizi kuliko mguu wenyewe. Naandika kama mama, si kama mtabibu. Mengi niliyoyaweka hapa niliyapata kwa daktari mmoja wa watoto aliyekuwa na subira ya kujibu maswali yangu yote, mengine nikayasoma mwenyewe nikamrudia aniambie kama nimeelewa.

Binti yangu alizaliwa mwaka 2013 na baka la zambarau lililoanzia nyonga ya kulia likashuka upande wa nje wa paja hadi karibu na kifundo. Wakunga walisema ni alama ya kuzaliwa. Wazee wa nyumbani walisema nilijikuna mwezi ulipopatwa. Sikubishana na yeyote, kwa sababu mtoto alinyonya vizuri na uzito ulipanda. Alipoanza kusimama ndipo tulipoona mguu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, na vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zimetuna kwa nje kuanzia goti kwenda juu. Kufikia miaka miwili nilikuwa nanunua jozi mbili za viatu kila anapohitaji viatu, kwa kuwa wayo mmoja ulikuwa umeuzidi mwingine.

Hospitali ya kwanza waliandika hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu, wakatuambia tusubiri, itapotea yenyewe akikua. Nawaomba mshike tofauti hii, kwa sababu imewapotezea watu wengi miaka. Hemanjioma ya watoto kwa kawaida haionekani wazi siku ya kuzaliwa. Hujitokeza wiki chache baadaye, hukua haraka katika miezi ya mwanzo, kisha hunywea polepole. Baka la binti yangu lilikuwepo tangu dakika ya kwanza, na lilikuwa likikua naye sawasawa, bila kuongeza kasi wala kupungua. Hilo peke yake lilitosha kuuliza upya.

Neno saratani lililetwa na wifi yangu. Alisoma kwenye simu kwamba mtoto ambaye upande mmoja wa mwili umekua kuliko mwingine anaweza kupata saratani ya figo, akanitumia usiku. Kesho yake nilikwenda kliniki ya binafsi, na daktari wa pale akathibitisha: utrasaundi ya tumbo kila baada ya miezi mitatu mpaka afikishe miaka minane. Tukaanza. Kila kipimo kilikuwa kama Sh 40,000, bado nauli, bado siku ya kazi ambayo mume wangu hakulipwa. Gharama hiyo naweza kuitaja kwa shilingi. Ile nyingine siwezi. Kila nikimwogesha nilikuwa nabonyeza tumbo lake kutafuta uvimbe, mpaka mtoto mwenyewe akawa analia akiona beseni. Baadaye niliambiwa na daktari niache kabisa kumbonyeza, kwa sababu kama kweli uvimbe wa figo upo haufai kukandamizwa. Kuangalia na kumpapasa taratibu kwa mkono mwororo kunatosha.

Kisha daktari mwingine, katika hospitali nyingine, akatuambia hakuna haja ya utrasaundi hata moja. Mume wangu alikasirika sana siku ile. Alisema, "Mama, mmoja kati ya hawa wawili anacheza na mwanetu." Nami niliwaza hivyohivyo. Ilichukua muda tuelewe kwamba wote wawili walikuwa na hoja, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia ugonjwa tofauti.

Aliyetufungulia jambo hili ni daktari wa watoto tuliyepewa rufaa kwake Dar es Salaam. Hakuanza na mguu. Alimvua nguo zote akamwangalia kuanzia kichwani. Akatazama ulimi kama ni mkubwa kupita kawaida, masikio kama yana mikunjo au vishimo, kitovu kama kilikuwa na henia. Akaniuliza kama sukari ya mtoto ilishuka baada ya kuzaliwa. Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo kutazama kama umepinda, akashika mgongo na mbavu kutafuta uvimbe laini wa mafuta, akatanua vidole vya miguu kuona nafasi kati ya kidole gumba na cha pili. Ndipo akaja kwenye baka na vena. Alipomaliza akaandika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa: Klippel-Trenaunay. Naomba kila mzazi adai kuandikiwa hivyo. Jina la kusikia mlangoni huwezi kulitafuta wala kumpelekea daktari mwingine.

Jina hilo linatokana na madaktari wawili wa Ufaransa, Maurice Klippel na Paul Trénaunay, walioueleza ugonjwa huu mwaka 1900. Una mambo matatu: baka la mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, vena na wakati mwingine mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, isiyokaa sawa, na kiungo kilichokua kupita kiasi, mara nyingi mguu mmoja. Haurithiwi. Badiliko la jeni hutokea baada ya mimba kutungwa, katika seli moja ya kiinitete, na seli zinazotokana na hiyo ndizo zinazobeba kasoro. Zilizobaki mwilini ni nzima. Nilipoelezwa hivyo nilimwomba daktari arudie mbele ya mama mkwe wangu, kwa heshima zote, na akarudia. Maneno ya mwezi kupatwa yalikoma siku hiyo.

Sasa saratani yenyewe. Ile wanayoiogopa inaitwa uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto wadogo. Wengi wanaoipata huipata kabla ya miaka mitano, na baada ya miaka minane ni nadra sana. Katika watoto wote kwa ujumla humpata takriban mmoja kati ya 10,000. Kuna magonjwa ya kukua kupita kiasi yanayoipandisha hatari hiyo kwelikweli. Beckwith-Wiedemann ni mojawapo, na ndiyo maana daktari alitazama ulimi, masikio, kitovu na sukari. Mtoto ambaye upande mmoja wa mwili umekua tu, bila mabaka wala vena, naye huwekwa kwenye uangalizi. Upo pia ugonjwa wa CLOVES, ambao watu wengi huuchanganya na wa binti yangu kwa sababu nao una mabaka na mishipa, lakini huambatana na uvimbe wa mafuta kwenye kiwiliwili, miguu mipana na mara nyingi mgongo uliopinda. Katika CLOVES uvimbe wa Wilms umeonekana kwa watoto wapatao watatu katika kila mia waliofuatiliwa, hivyo wao hupimwa utrasaundi kila miezi mitatu mpaka miaka saba au minane.

Kwa Klippel-Trenaunay hali ni nyingine. Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, walipitia wagonjwa wao wa ugonjwa huu na kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa Wilms, wakahitimisha kwamba hatari haizidi ya mtoto mwingine yeyote, na kwamba kuwapima mara kwa mara hakuna haja. Kumbe yule daktari wa kliniki alikuwa ametuweka kwenye ratiba ya Beckwith-Wiedemann, na yule wa pili alikuwa sahihi kwa binti yangu, ila hakuketi kutueleza kwa nini. Ndiyo maana nasema kwa nguvu: kabla hujauliza "atapata saratani?" uliza kwanza "ugonjwa huu ni upi hasa, na umeutofautishaje na Beckwith-Wiedemann na CLOVES?" Kama daktari hawezi kujibu hilo la pili, omba rufaa. Na kama bado hawana uhakika mtoto yuko kundi lipi, basi kupima tumbo mpaka ijulikane ni jambo la busara, usiache kwa sababu umesoma maneno yangu.

Hofu ilirudi kwa mlango mwingine. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alisoma kwamba ugonjwa huu mara nyingi unatokana na jeni iitwayo PIK3CA, na jeni hiyohiyo hubadilika katika saratani ya matiti. Aliponipigia sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nilibeba swali hilo hadi kliniki. Daktari alisema ni kweli jeni ni ileile, na mara nyingi hata badiliko ni lilelile. Lakini badiliko hilo peke yake linaiambia seli ikue na igawanyike zaidi, halitoshi kuifanya saratani. Saratani huhitaji mabadiliko mengine kadhaa yajikusanye katika seli hiyohiyo. Tena kwa binti yangu badiliko liko kwenye mguu na nyonga, si mwili mzima. Ndiyo sababu damu ikipimwa jeni hiyo kwa kawaida haionekani, lazima kichukuliwe kipande cha ngozi au nyama ya sehemu iliyoathirika, na kwetu sisi sampuli ingebidi isafirishwe nje. Hatukufanya. Fedha hatukuwa nazo, na daktari alitueleza wazi kwamba majibu yasingebadilisha tiba ya mwaka ule. Atakapokuwa mkubwa atapimwa matiti kama wanawake wengine wanavyoshauriwa.

Alipofika miaka saba nilipapasa paja lake nikakuta vitu vigumu chini ya ngozi, vidogo kama choroko, viwili pamoja na kimoja pembeni. Kimoja kilimuuma nikikigusa. Kwenye kituo cha karibu mtaalamu aliyekuwa zamu alisema hii ni kansa ya mishipa, akaandika tupelekwe kukatwa kinyama cha kupima. Sikulala. Kulipokucha nilimpigia daktari wetu, akasema kabla ya kisu tupige eksirei ya kawaida. Kwenye picha vilionekana vya duara, vyeupe, vimepangana kwenye njia ya vena. Ni vijiwe. Damu inayopita polepole kwenye vena zilizopanuka huganda kidogokidogo, donge lile likakauka na kujaa chokaa. Si saratani. Kinyama kingekatwa kwenye mguu ule bila maandalizi, angeweza kutoka damu nyingi sana, na jeraha kwenye ngozi ya namna hiyo hukawia kupona. Mzazi, ukiambiwa biopsi, yaani kukatwa kinyama cha kupima, kwenye baka au vena za mtoto kama huyu, uliza kwanza kama eksirei, utrasaundi ya mtiririko wa damu au MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) havitoshi kujibu. Ikibidi ikatwe, ikatwe mahali penye daktari wa upasuaji na damu ya akiba.

Vijiwe vile vilitufunza hatari yenyewe ilipo. Kwa miaka mitatu macho yetu yalikuwa kwenye figo, na hakuna aliyekuwa ametuambia habari za damu kuganda. Mwaka uliofuata mguu ulivimba ghafla, ukawa moto, vena moja ya pajani ikawa ngumu kama kamba. Tulipofika hospitali walitibu maambukizi ya ngozi kwa antibiotiki ya mshipani, na wakakuta pia damu imeganda kwenye vena ya juu. Daktari alitueleza kwamba donge likiwa kwenye vena kubwa linaweza kukatika likasafiri mpaka kwenye mapafu, na hilo huua. Mtoto mwenye ugonjwa huu akishikwa ghafla na maumivu ya kifua, pumzi fupi au kukohoa damu, ni dharura ya saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Tangu hapo anavaa soksi za kubana zilizopimwa mguu wake. Zinachakaa ndani ya miezi michache, bima haikuwahi kutulipia hata pea moja, na hii ndiyo gharama kubwa kwetu kuliko vipimo vyote. Kwa anayepanga bajeti, aanze na soksi.

Kuna mengine yanayofanana na saratani lakini siyo. Kwenye paja lake hutokea vipele vyenye maji, vingine vyeusi-vyekundu, vinavyopasuka usiku na kuacha damu kwenye shuka. Ni mishipa ya limfu iliyofika juu ya ngozi. Tunabana kwa kitambaa safi, tunanyanyua mguu, damu inakoma. Wengine hupata damu kwenye choo au mkojo kwa sababu vena zisizo za kawaida zimefika utumbo mkubwa au kibofu. Hapa kwetu mkojo wenye damu watu hukimbilia kichocho, na kwa anayeishi karibu na ziwa au mabwawa ya mpunga kipimo hicho kifanyike kweli, lakini daktari aambiwe pia kuhusu ugonjwa wa mishipa. Damu inayovuja kidogokidogo humaliza wekundu wa damu. Binti yangu alipoanza kuchoka darasani tulipima tukakuta upungufu.

Sisemi saratani haiwezi kumpata. Yapo mambo ambayo nimefundishwa nisiyapuuze. Kidonda kisichofunga kwa miezi mingi, hasa kingo zikianza kuinuka na kuwa ngumu, kikatwe kipimwe, kwa sababu kidonda cha miaka kinaweza kugeuka saratani ya ngozi kwa mtu yeyote. Uvimbe mpya unaokua wiki hadi wiki, au doa la rangi ya michubuko linalosambaa kwenye mguu uliovimba kwa limfu kwa miaka mingi, nao upelekwe haraka. Na tumbo la mtoto mdogo likivimba upande mmoja, apelekwe hospitali awe na ugonjwa huu au asiwe nao. Uvimbe wa Wilms mara nyingi hugunduliwa na mama akimwogesha mtoto, na ukiwahiwa unatibika vizuri. Watoto wengi wanapotea kwetu kwa kuchelewa.

Jambo moja la kukataa moja kwa moja ni kuchoma baka au vena kwa mionzi. Zamani mabaka na vena za watoto vilitibiwa hivyo, na wengine walipata saratani miaka mingi baadaye mahali palepale palipochomwa. Kwa sababu hiyohiyo, kama swali linaweza kujibiwa na utrasaundi au MRI, msikimbilie CT, picha inayopigwa kwa mionzi, kila mara. MRI yetu ilituchukua zaidi ya Sh 400,000 na mchango wa ukoo, lakini ilionyesha vena za ndani kabisa, na hapo ndipo tuliponusurika na jambo lingine. Daktari mmoja alikuwa tayari kuziondoa vena za nje ili mguu upendeze. MRI ilionyesha vena kuu ya ndani ni nyembamba sana, kwa hiyo zile za nje ndizo zinazorudisha damu. Zingeondolewa, mguu ungevimba vibaya zaidi.

Wazazi huniuliza kuhusu dawa. Ipo alpelisib, dawa iliyoanza kama tiba ya saratani ya matiti yenye badiliko la PIK3CA. Mwaka 2018 daktari Guillaume Canaud wa hospitali ya Necker, Paris, na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 19 wa magonjwa haya waliopewa dawa hiyo, watoto na watu wazima, na hali zao zikaboreka. Aprili 2022 Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wenye hali kali kuanzia miaka miwili. Huweza kupandisha sukari, kuleta vidonda vya mdomo na kuharisha. Sirolimus nayo hutumika, zaidi pale limfu inaposumbua. Dada yangu aliposikia binti yangu anaweza siku moja kupewa dawa ya saratani alishtuka upya. Nilimwambia dawa inafuata jeni, haifuati jina la ugonjwa. Kwa sasa binti yetu hana dalili kali za kuhitaji hizo, na daktari hataki kumpa dawa yenye madhara kwa sababu ya urembo.

Faili lake tunakaa nalo sisi nyumbani: karatasi yenye jina la ugonjwa, CD ya MRI, picha za mguu nilizopiga kila mwaka mahali palepale, na vipimo vya urefu wa miguu yote miwili. Tofauti sasa imezidi sentimita mbili, ndani ya kiatu cha mguu mfupi fundi ameongeza soli. Daktari wa mifupa anataka kumfanyia upasuaji wa kuzuia ukuaji wa mguu mrefu kwenye goti, wakati angali anakua, ili ule mwingine uufikie. Ameanza kubalehe, kwa hiyo muda hauko mwingi. Tumeshamwandikia maswali mawili ya kuyajibu kabla ya tarehe kupangwa: atapewa nini kuzuia damu isigande kabla na baada ya upasuaji, na nani atakuwepo kama vena za pajani zitaanza kutoa damu mezani. Binti mwenyewe ameongeza la tatu kwa mwandiko wake: baadaye, akiwa mkubwa, ni dawa gani za uzazi wa mpango asitumie. Nilimweleza kwamba zenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, lakini amesema anataka kulisikia kwa daktari.